Kifaru Kisichokula Nyasi

Mbele kidogo ya Kisongo, kwenye barabara ya Arusha kwenda Makuyuni, Noah yetu ilipunguza mwendo ikasogea kando kupisha trela. Lilikuwa lile trela refu la chini ambalo madereva huliita lobedi, na juu yake kulikuwa na mzigo mkubwa uliofunikwa turubai la kijani. Abiria wa kiti cha nyuma akasema hicho ni kifaru kinapelekwa kwenye chuo cha kijeshi cha Monduli. Konda akamkatiza: greda tu hilo, la mkandarasi. Kijana wa dada yangu, aliyebanwa kati yangu na kiroba cha vitunguu, hakubishana na mtu. Alitoa simu, akapekua, akaanza kunisomea: vifaru kiasi hiki, ndege za kivita kiasi hiki, mizinga kiasi hiki, na mwisho nafasi yetu kati ya majeshi ya dunia.

"Nani kahesabu?" nikamwuliza.

"Mjomba, iko kwenye intaneti."

Nimefungua injini za dizeli mtaa wa Unga Limited, Arusha, kwa zaidi ya miaka 20. Sijawahi kuvaa kombati, na JKT sikupita. Lakini fundi akiletewa orodha ya magari ya tajiri fulani haanzi kuuliza ni mangapi. Anauliza mangapi yanawaka asubuhi. Kijana alitaka namba, mimi nikataka kujua kilicho nyuma ya namba, na mabishano hayo yakatufikisha Njia Panda ya Monduli bila hata kuona njia. Haya ninayoandika ni yale niliyomwambia, pamoja na yale niliyoyakumbuka baadaye nikiwa nimelala.

Tuanze na orodha yenyewe. Nchi nyingi, yetu ikiwemo, hazitangazi hesabu kamili ya silaha zao. Kwa hiyo namba zinazozunguka kwenye simu zimeokotwa sehemu nyingine. Umoja wa Mataifa una rejista ya silaha kubwa, iliyoanza mwaka 1992, ambamo nchi zinaombwa kueleza kila mwaka zimeuza nini na zimenunua nini. Kuna taasisi ya utafiti wa amani mjini Stockholm, iliyoanzishwa mwaka 1966, inayofuatilia mauzo ya silaha duniani. Kuna watu wanaokodolea macho picha za magwaride. Vyanzo vyote hivyo vinafanana kwa jambo moja: vinaona silaha inapoingia nchini, lakini ni nadra kuiona inapokufa. Kifaru kilichopokelewa bandarini mwaka 1975 kinaweza kuwa kiligeuka chuma chakavu miaka mingi iliyopita na bado kinahesabiwa, kwa sababu kwenye orodha hakuna makaburi. Zile tovuti zinazopanga majeshi kuanzia la kwanza hadi la mwisho huchukua namba hizo, zikachanganya na idadi ya watu na mapipa ya mafuta, zikatoa alama. Ni burudani nzuri ya kijiweni, basi.

Halafu kuna neno kifaru. Hapa kwetu ukilitaja, mwongoza watalii anafikiria bonde la Ngorongoro na darubini, na ofisa mwanafunzi wa Monduli anafikiria chuma kizito chenye mtutu. Kiswahili kimejitahidi kuwatenganisha: mnyama anakimbia, mtambo unaitwa hivyo hivyo lakini kinakimbia. Anayesema "kifaru amelipuliwa" ana hakika ya kupigiwa simu na watu wa hifadhi.

Ila hata ndani ya chuma, si kila chenye minyororo na mtutu ni kifaru. Rejista ya Umoja wa Mataifa ina mpaka wake: kifaru cha vita kiwe na uzito wa angalau tani 16.5 kikiwa kitupu, na mzinga wake uwe na kipenyo kisichopungua milimita 75. Sasa chukua Scorpion ya Uingereza, ambayo jeshi letu liliwahi kuinunua. Ina minyororo, ina mnara unaozunguka, ina mzinga wa milimita 76. Mtoto yeyote wa Kaloleni akiiona atakwambia ni kifaru. Lakini uzito wake ni kama tani 8, kwa hiyo kwenye rejista haihesabiki kifaru. Inaingia kundi la magari ya deraya, yaani yaliyovikwa chuma cha kuzuia risasi. Orodha moja ikiihesabu huku na nyingine ikaihesabu kule, utapata majibu mawili tofauti kuhusu jeshi lile lile bila mtu yeyote kusema uongo.

Mkanganyiko mkubwa zaidi unatoka kwenye majina, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo kijana alipoacha kunibishia akaanza kunisikiliza.

Sehemu kubwa ya silaha za Tanzania tangu miaka ya 1960 imetoka China, na Wachina kwa miaka mingi walizibatiza silaha zao kwa mwaka zilipokubaliwa. Kifaru namba 59 ni cha mwaka 1959. Ukikichunguza utakuta ni T-54A ya Wasovieti iliyotengenezwa China: tani 36 hivi, mzinga wa milimita 100, watu wanne ndani. Miaka mitatu baadaye wakatoa kifaru chepesi zaidi kwa ajili ya milima na mashamba yenye maji, tani 21, mzinga wa milimita 85. Hicho wakakiita 62. Bahati mbaya Wasovieti nao walikuwa na T-62 yao, nzito karibu mara mbili, yenye mzinga wa milimita 115. Mwandishi mvivu akikuta "62" kwenye taarifa za Tanzania anaweka T na kistari, na ghafla tumepewa kifaru tusichokuwa nacho.

Namba 63 ni kichekesho kabisa. Kuna kifaru 63 kinachoogelea, ambacho toleo lake jipya la 63A, lenye mzinga wa milimita 105, lilionekana kwenye gwaride la miaka 50 ya Muungano mwaka 2014. Kuna mtambo 63 wa roketi za milimita 107, mitutu 12, unaovutwa nyuma ya gari dogo. Kuna gari la deraya 63 la kubeba askari. Kuna hata bunduki 63. Vyote vya nchi moja, namba moja, na kimoja unaweza kukivuta na Land Cruiser huku kingine kikiikanyaga Land Cruiser hiyo ikawa bati.

Na sasa SMG. Soma habari yoyote ya ujambazi nchini kwetu utakuta polisi wamekamata "bunduki aina ya SMG". Ukiuliza umbo lake, ni ile ile ambayo dunia nzima inaita AK. Mwanajeshi wa Uingereza angeshangaa, kwa sababu kwake herufi hizo tatu ni bunduki fupi inayopiga risasi za bastola. Je, tumekosea? Hapana, tumerithi. China iliipokea AK mwaka 1956 ikaiita namba 56, na kwa jinsi walivyokusudia itumike wakaiweka kwenye kundi hilo la bunduki fupi za kumimina risasi. Namba 56 hiyo hiyo wakaipa na bunduki ya Kisovieti iitwayo SKS, inayopiga risasi moja kila ukivuta kifyatulio. Kwetu hiyo ikajulikana kama SAR. Kisha 56 ya tatu, bunduki ya kumimina risasi yenye miguu miwili na kasha la mviringo, ambayo askari wanaiita LMG. Kwa hiyo mtu akiandika kwamba nchi fulani ilipokea "bunduki 56", bado hajasema kitu. Zilizokuja ni zipi?

Kuna kinachoziunganisha lakini. Zote tatu zinakula risasi moja: milimita 7.62 kwa 39. Namba ya kwanza ni kipenyo cha tundu la mtutu, ya pili ni urefu wa ganda. Namba ya pili watu huiacha, na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu kuna 7.62 kwa 51 inayotumiwa na bunduki za upande wa Magharibi kama G3, na kuna 7.62 kwa 54 ya bunduki nzito za Kisovieti. Ni kama boliti tatu zinazofunguliwa na spana moja lakini kila moja ina uzi wake. Ukimpelekea askari wa mpakani sanduku la 7.62 isiyo yake, umempelekea vyuma vya kuuza kwa kilo.

Kwa macho ya fundi, hiyo ndiyo akili ya mpango ule wa Wachina kuliko ubora wa bunduki yenyewe. Kikosi kizima kinakula chungu kimoja. Piga hesabu ndogo: kasha la SMG lina risasi 30. Bunduki hiyo humimina kwa kasi ya risasi kama 600 kwa dakika, maana yake kidole kikilala kwenye kifyatulio kasha linakwisha kwa sekunde 3. Askari mwenye makasha manne ana sekunde 12 za kelele. Kombania ya watu 100, kila mmoja na makasha yake manne, imebeba risasi 12,000, na kwa kuwa risasi moja ina uzito wa gramu 16 na ushee, hizo ni kama kilo 200, sawa na magunia mawili ya mahindi. Ya siku ya kwanza tu. Kesho yake magunia mengine yawe yameshafika, tena ya aina ile ile.

Tukiacha bunduki tukarudi kwenye kifaru, hali ya chakula inatisha. Kifaru 59 kina matangi ya ndani yanayoingia lita 800 na kidogo, na kwa mafuta hayo kinakwenda kilomita 420 hivi barabarani. Gawanya: karibu lita 2 kwa kila kilomita. Kutoka Arusha mpaka Moshi ni kilomita 80, kwa hiyo kifaru kimoja kitafika stendi ya Moshi kikiwa kimekunywa lita 160. Basi kubwa lenye abiria na mizigo, likiwa na injini ninayoijua mimi, linafika kwa lita 30 na dereva analalamika. Vifaru 10 kwenda na kurudi ni lita 3,200, na hapo hakijapigwa kilima, hakijaingia porini, hakijasimama kwa saa nzima injini ikiunguruma kumsubiri mtu.

Ndiyo maana hukioni kifaru kikitembea chenyewe kwenye lami ya Usa River. Minyororo ya chuma inaitafuna lami, na lami nayo inailipa minyororo kwa kula pini zake. Kinapandishwa kwenye lobedi. Sasa ongeza uzito wa kichwa cha lori na trela lenyewe juu ya tani 36. Sheria ya mizigo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu hapa hapa mjini kwetu, inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake wote. Kifaru kimoja kinakufikisha mlangoni mwa ukomo huo. Kila kalvati na kila daraja kati ya kambi na mpaka vinageuka kuwa sehemu ya silaha, ingawa havimo kwenye orodha ya mtu yeyote.

Wenye umri wangu na zaidi wanaikumbuka Kyaka. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, daraja la Kyaka lililipuliwa siku chache baadaye, na mto ukawa ukuta. Jeshi letu lilikuwa na vifaru na mizinga, lakini lisingeweza kuvivusha bila wahandisi kulaza daraja la kijeshi juu ya Mto Kagera. Kabla ya hapo vitu vyote hivyo vilipaswa kufika Bukoba, kilomita kama 1,400 kutoka Dar es Salaam kwa barabara za wakati ule, ambazo nyingi zilikuwa za vumbi na, mvua ikinyesha, tope. Magari ya jeshi hayakutosha. Serikali ilichukua malori na mabasi ya watu binafsi na ya mashirika yakaenda vitani na rangi zao za kiraia. Ukitafuta orodha ya silaha za Tanzania za mwaka 1978 hutaliona hata basi moja, na bila mabasi hayo Kampala isingeanguka tarehe 11 Aprili 1979.

Mtambo uliopata jina katika vita ile ni ule wa roketi za milimita 122, BM-21 ya Wasovieti. Ni lori lenye mabomba 40 mgongoni. Yote 40 yanatoka kwa sekunde 20, na roketi zinafika kilomita 20, yaani ukiupanga pale Mnara wa Saa katikati ya Arusha, Tengeru umeshaipita. Wapinzani waliopigwa nao walitishwa na mlio kabla ya mlipuko, na wenzetu wa Uganda wakaupa jina la Saba Saba. Sawa, lakini fundi anageuza shilingi upande wa pili. Roketi moja ina uzito wa kilo 66. Roketi 40 ni tani 2 na nusu na zaidi. Kila sekunde 20 za umaarufu zinahitaji lori jingine nyuma, limejaa, na watu wa kupakia kwa mikono roketi ndefu karibu mita 3, moja baada ya nyingine, wakati mtambo unahama haraka kwa sababu adui ameshaona moshi ulikotoka.

Moshi huo si jambo geni upande wetu wa nchi. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani hapa walikuwa bado na bunduki za mwaka 1871 zinazotumia baruti nyeusi. Kila risasi ilitoa wingu. Ukipiga umejificha nyuma ya kichaka, kichaka chako kinafuka kama jiko la kuni, na wa upande wa pili wanapiga pale pale. Hata hivyo tarehe 3 Novemba 1914, pale Longido, karibu kilomita 80 kaskazini ya Arusha, Waingereza walikuja na Wahindi wapatao 1,500, wenye bunduki bora, wakarudi Kenya mikono mitupu. Milima ile wengi wetu tumeipita tukienda Namanga: ni mikavu. Katikati ya asubuhi ya siku hiyo nyumbu 100 hivi waliobeba maji ya jeshi lao walitoweshwa na Wajerumani. Bila maji hawakuweza kushikilia mlima hata siku ya pili. Nyumbu, kwa wasiojua, ni yule chotara wa punda na farasi, ingawa siku hizi tukilisema jina hilo watu wanawaza Serengeti.

Na ukienda Kahe, kusini mashariki ya Moshi, kwenye stesheni ya zamani ya reli ya Tanga, uko mahali palipokuwa na mzinga wa meli. Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilizamishwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915. Wajerumani wakaopoa mizinga yake yote 10 ya milimita 105, wakaipeleka karakana ya Dar es Salaam, wakaitengenezea magurudumu, maana mzinga wa meli hauna haja ya magurudumu. Mmoja wao ukaja kupigana Kahe. Fikiria: mzinga uliotengenezwa kupiga meli baharini unanguruma chini ya Kilimanjaro, na fundi chuma asiyejulikana jina ndiye aliyeufikisha hapo. Machi 1916 majeshi ya Waingereza yalipokuwa yameshaichukua Moshi na kusukuma kuelekea Mto Ruvu, Wajerumani walirudi nyuma usiku, na ule mzinga, usioweza kuvutwa kwa haraka, wakaulipua wenyewe wakauacha. Sidhani kama kuna mfano bora kuliko huo wa nilichokuwa nikimwambia kijana: haukushindwa na adui, ulishindwa kuhama.

Kuhusu neno mzinga nina la pembeni. Kwa Kiswahili ni gogo lililochimbwa la nyuki, na kwa kufanana umbo likawa jina la bunduki kubwa. Nchini kwetu limekuwa pia jina la shirika la Morogoro linalotengeneza risasi na zana nyingine, kama vile Nyumbu lilivyo jina la kituo cha Kibaha kilichoundwa kushughulikia magari. Vyote viwili vilizaliwa katika miaka ya 1970, Azimio la Arusha likiwa bado linanukia wino. Wajinga walicheka kwamba nchi isiyotengeneza baiskeli inataka kutengeneza malori. Lakini wazo lilikuwa sahihi: ukinunua bunduki kwa mtu na risasi pia kwake, siku mkigombana bunduki inakuwa rungu.

Tena tuligombana kweli. Jeshi la Wananchi lilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964, miezi michache baada ya maasi ya Januari yaliyolifuta jeshi la kikoloni lililobadilishwa jina tu. Silaha na taratibu za mwanzo zilikuwa za Mwingereza. Ujerumani Magharibi ikakubali kutusaidia kuanzisha kikosi cha anga, kisha mwaka 1965 ikajitoa kwa hasira, kwa sababu Ujerumani Mashariki ilikuwa imeruhusiwa kufungua ofisi ya kibalozi Dar es Salaam. Canada ikaingia na ndege zake za mizigo na wakufunzi. China tayari ilikuwa mlangoni, na ndiyo iliyokaa. Wasovieti nao wakaleta vyao miaka ya 1970, zikiwemo ndege za kivita za MiG-21. Mwanasiasa anaona hapo sera ya kutofungamana na upande wowote. Mimi naona ghala la spea. Vya Mwingereza na Mcanada vya enzi ile vilifungwa kwa boliti za inchi. Vya Mchina na Msovieti ni milimita. Ofisa ghala anahitaji seti mbili za spana, vitabu vya lugha tatu au nne, na oli za viwango tofauti. Ukiona nchi inang'ang'ania muuzaji mmoja kwa miaka 50, usikimbilie kusema imenunuliwa. Huenda imechoka kubadilisha spana.

Kitu kingine ambacho orodha haikisemi ni umri wa kilichomo ghalani. Watu wanadhani bomu ni kama jiwe, ukiliweka linakusubiri. Baruti ya kisasa ni kemikali inayooza polepole. Watengenezaji huichanganya na dawa ya kuzuia uozo, lakini dawa hiyo hupungua mwaka hadi mwaka, na joto huiharakisha. Ikiisha, baruti huanza kujipasha joto yenyewe. Kwa hiyo kila fungu linapaswa kupimwa, kuhamishwa, na likizeeka kuharibiwa kwa utaratibu, kazi ambayo haipigwi picha na hailetewi bendi. Milipuko ya maghala imetokea nchi nyingi. Kwetu ilitokea Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, na kila mara zaidi ya watu 20 walipoteza maisha, wengi wao raia waliokuwa majumbani mwao. Siku hizi nikisikia mtu anajivunia kwamba jeshi fulani lina shehena kubwa ya mabomu, huwa najiuliza ya mwaka gani.

Kuna sehemu moja tu ninayoijua ambako silaha za jeshi zinakaguliwa kwa macho ya fundi, na matokeo yake yanalipwa fedha. Ni kwenye ulinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa. Tanzania ilipoingia Kongo mwaka 2013 pamoja na Afrika Kusini na Malawi, kwenye ile brigedi iliyopewa ruhusa ya kushambulia, ilikwenda na vifaa vyake. Umoja wa Mataifa hauvinunui, unavikodi. Kwa utaratibu wao, kila deraya, kila jenereta, kila gari la maji na la wagonjwa vinaandikwa kwenye makubaliano, kisha wakaguzi wanapita mara kwa mara kambini. Hawahesabu tu. Wanataka gari liwake, breki zishike, redio iongee. Kisichofanya kazi kinakatwa kwenye malipo. Jikoni pia wanaingia, na kwenye vyoo. Nilipomweleza kijana hilo alicheka kwamba mkaguzi wa vyoo hana uhusiano na vita. Nikamwambia aende akaulize jeshi lolote lililowahi kupigwa na kuhara damu.

Alinyamaza kidogo, akauliza swali zuri kuliko yote ya siku ile. "Sasa mjomba, ukitaka kujua jeshi lina nguvu kiasi gani, utaangalia nini?" Nikamwambia ningeomba kuona karakana saa kumi na mbili asubuhi, daftari la mafuta, na tarehe zilizopigwa kwenye masanduku ya risasi. Akasema hakuna atakayekuonyesha. Kweli, hakuna, na ni haki yao, hivyo ndivyo siri zenyewe. Namba ya vifaru adui atahesabu kutoka angani, kwa setilaiti. Lakini vingapi vinawaka?

Jioni tukirudi mjini tulilikuta lobedi lile limeegeshwa kando, nje kidogo ya Njia Panda, dereva na mwenzake wakibadilisha tairi la ndani, kazi ninayomwonea huruma yeyote. Turubai lilikuwa limefunuka upande mmoja. Halikuwa kifaru, na wala halikuwa greda. Lilikuwa katapila, rangi ya kijani ya jeshi, sepetu yake mbele imekwaruzwa mpaka chuma kinang'aa. La wahandisi hilo, la kufungua njia na kutengeneza maegemeo ya madaraja.

Kijana akatoa tena simu. Alipitia ile orodha kutoka juu hadi chini, vifaru, deraya, mizinga, roketi, ndege, manowari, akarudi tena juu.

"Mjomba, hili sasa nalihesabu wapi?"

Noah ilikuwa imeshaanza kuongeza mwendo.